Kirekodi cha themokapo cha njia nne kwenye weldi ya pasi nyingi: kinafaa nini, kinashindwa wapi

Hukumu kwanza, maelezo yafuate. Kile kirekodi cha mkononi cha njia nne, cha themokapo aina ya K (nyaya mbili za metali tofauti zinazopima joto pale zinapoungana) na memori kadi, kinachouzwa kwa majina mengi huku ndani kikiwa kilekile, ni ununuzi mzuri kwa karakana inayochomelea mabamba manene. Ila nyaya zinazokuja nacho kwenye boksi zifungie kabatini. Na kama unakitaka kwa ajili ya kujua kilichotokea milimita 8 au 10 kutoka kwenye tao la umeme la kuchomelea, kasi yake ya kusoma haikutoshi. Kwa joto la kati ya pasi na pasi, yaani kati ya mstari mmoja wa weldi na unaofuata, hakina mpinzani kwa bei yake.

Tanga kazi za aina hii hazikosekani: maganda ya tanuri za saruji Pongwe, ngoma za korona kwenye mashamba ya mkonge, vyombo na mitambo ya bandarini, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la inchi 24 linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Chukua maungio ya mabamba ya mm 20 yaliyokatwa V ya nyuzi 60, yenye uwazi wa mm 3 chini. Eneo la kujaza ni kama mm² 290. Kijiti cha E7018 cha mm 3.2 kikienda mwendo wa kawaida huacha kama mm² 17 kwa pasi moja. Hiyo ni ruti (ya chini), filingi (za kujaza) na kapingi (za kufunika), jumla pasi kama 17, na kila moja inaingia kwenye chuma ambacho zilizotangulia zimeshakipasha. Ukichora joto la nukta moja pembeni ya V, mchoro unatoka kama meno ya msumeno. Kila pasi ina jino lake. Mabonde kati ya meno yanapanda kadiri bamba linavyozidi kushika moto, na vilele vinashuka kadiri pasi zinavyosogea mbali na nukta ile. Ule msumeno ndio historia ya joto, na ndiyo inayoamua kama ukanda wa pembeni ya weldi utabaki mgumu wa kupasuka au utalainika.

Sasa kifaa. Kina matundu manne ya plagi ndogo bapa, kioo kinachoonyesha njia zote kwa pamoja, na kinaandika kwenye kadi faili ambalo Excel inalifungua bila ubishi. Betri zinavumilia kazi ya siku nzima. Saa yake ikiwa sahihi unaweza kulinganisha faili na daftari la fundi: pasi ya 6 ilianza saa ngapi, iliisha saa ngapi, ampea ngapi. Bila daftari hilo faili ni milima isiyo na majina, kwa hiyo mtu wa kuandika ni sehemu ya kifaa.

Themokapo za kwenye boksi ni za shanga, na ganda lake kwa kawaida huvumilia nyuzi za Selsiasi mia mbili na kitu hadi mia nne. Nyingine huja zikiwa fito za chuma cha pua zenye unene wa mm 3. Hizo za fito huchukua sekunde kadhaa kushika joto la kitu kinachozigusa. Ziweke pembeni ya weldi na zitakuchorea kilima cha mviringo mahali palipokuwa na jino kali, kisha utaamini chuma chako kinapoa polepole, kumbe fito ndiyo goigoi. Kinachotakiwa ni waya mtupu wa aina K wa mm 0.25 hadi 0.5, wenye soksi ya nyuzi za kioo, unaokatwa na kutupwa baada ya kila jaribio. Nunua roli nzima. Fedha iende kwenye waya kabla ya kwenda kwenye kioo chenye rangi.

Namna ya kuufunga kwenye chuma ndiyo nusu ya kazi, na hapa ndipo vipimo vingi vinapofia. Kusokota ncha mbili na kuzibana chini ya boliti hakufai, na gundi ya epoksi huungua. Ncha zichomelewe kwenye chuma kwa mshtuko wa kapasita, kila waya peke yake, zikiachana milimita 1 au 2. Kwa joto la kati ya pasi, ziweke juu ya bamba mm 50 kutoka ukingo wa V. Ndiyo kanuni ya ISO 13916 kwa bamba lisilozidi mm 50: umbali ni unene mara nne, lakini usivuke mm 50.

Kwa joto la ndani ya ukanda wa pembeni ya weldi ulioathirika na joto, toboa kutoka chini ya bamba, tundu la mm 3, upitishe nyaya kwenye kijiti cha kauri chenye matundu mawili, uzichomelee kwenye sakafu ya tundu. Neno sakafu tumelisema makusudi. Biti ya kawaida ina ncha ya nyuzi 118, na kwa tundu la mm 3 ile koni ya mwisho ina kina cha mm 0.9. Aliyepima kina mahali ambapo pipa la tundu linaishia, halafu waya ukatua kwenye ncha ya koni, amekosea karibu milimita nzima. Hasara yake inahesabika. Kwa fomula ya Rosenthal, inayokadiria joto linavyosambaa kutoka kwenye tao, ya bamba nene, weldi yenye kJ 1.0 kwa milimita hupandisha nukta iliyo mm 10 kutoka kwenye tao kwa nyuzi kama 530. Nukta iliyo mm 9.1 hupanda kama 640. Nyuzi 110 zimepotea kwa sababu biti haikunolewa bapa. Noa nyingine kwenye grenda iwe na ncha tambarare, imalizie milimita ya mwisho. Baada ya jaribio kata bamba kwa msumeno, sugua, pima tundu lilikuwa wapi kweli, na utumie namba hiyo, si ya kwenye mchoro.

Kelele ya umeme ni kasoro ya pili. Matundu manne ya kirekodi cha bei nafuu mara nyingi hayajatengwa ndani, yaani yana ardhi moja. Themokapo nne zikichomelewa kwenye bamba lililobeba ampea 130, kila moja iko kwenye volti tofauti kidogo na mwenzake. Aina ya K hutoa mikrovolti 41 tu kwa nyuzi moja, kwa hiyo tofauti ya milivolti 2 kati ya nukta mbili za bamba inatosha kukudanganya nyuzi 50. Utaiona kwenye mchoro: joto linaruka ghafla tao linapowaka na kuanguka ghafla linapozimwa. Chuma hakina tabia hiyo. Dawa yake ni kuweka kibano cha ethi upande ule tao linakoanzia, ili mkondo usipite katikati ya themokapo zako, kuendesha kirekodi kwa betri zake, na kuchomoa chaja ya kompyuta kama imeunganishwa. Kama ruti ni ya TIG (ya ncha ya tungsteni na gesi) ya kuwasha kwa masafa ya juu, chomoa plagi zote hadi tao liwe limewaka na kutulia. Mshtuko wa kuwasha unaweza kuua kifaa papo hapo.

Kuhusu kasi: vifaa vya kundi hili husoma kwa kawaida mara moja kwa sekunde, vingine kila sekunde mbili, hata kama kioo kinajionyesha kichangamfu. Nukta iliyo mm 8 kutoka kwenye tao hufika kileleni ndani ya kama sekunde 2 tangu tao lipite juu yake, na kushuka kutoka nyuzi 800 hadi 500 kunaweza kuchukua sekunde 5. Kwa kusoma kila sekunde unapata vitone vitano kwenye mteremko, na kilele kinaweza kukatwa kabisa. Tunataka angalau vipimo 10 kwa sekunde. Fundi wa elektroniki anaweza kukuundia kifaa cha namna hiyo kwa chipu ya kusomea themokapo ya MAX31855, yenye kasi inayokaribia hapo, lakini mwambie mapema: chipu hiyo hulalamika themokapo ikigusa ardhi, kwa hiyo kila njia itengwe na iwe na chanzo chake cha umeme.

Kirekodi peke yake ni nusu ya mzigo. Nusu nyingine ni jedwali la Excel la kukokotoa joto la weldi, nalo tunalipa alama za juu kuliko kifaa chenyewe, kwa sharti kwamba aliyeliandika ameweka fomula mbili. Kiasi cha joto kinachoingia ni volti mara ampea mara 0.8 kwa kijiti (sehemu ya joto inayofika kwenye chuma), gawanya kwa mwendo. Volti 24, ampea 130, mwendo wa mm 150 kwa dakika: joule 998 kwa milimita, yaani kJ 1.0. Kwa TIG ile 0.8 inakuwa 0.6, na kwa weldi ya chini ya unga inakuwa 1. Ampea zipimwe kwa mita ya kubana kwenye kebo. Namba ya kwenye uso wa mashine usiiamini umeme unapocheza, na jioni unacheza sana.

Halafu muda wa kupoa kutoka 800 hadi 500, unaoandikwa t8/5. Kiwango cha EN 1011-2 kinatoa, kwa bamba nene: t8/5 = (6700 − 5T0) × Q × [1/(500 − T0) − 1/(800 − T0)], ambapo T0 ni joto la bamba kabla ya pasi na Q ni kJ kwa milimita. Bamba likiwa na nyuzi 30, yaani hewa ya Tanga tu bila kupashwa, kwa Q ya 1.0 unapata sekunde 5.4. Likiwa limeshafika 200 unapata 9.5. Yote haya ni ya mstari mmoja juu ya bamba tambarare. Ndani ya V kuna kigezo cha umbo kinachopunguza kidogo.

Ukiendelea bila kusubiri, bamba likafika 350, fomula hiyohiyo inakupa sekunde 22, na jedwali la mtu asiyejua litaishia hapo. Lakini bamba la mm 20 kwenye joto hilo si nene tena. Unene wa mpaka, ambao chini yake bamba huhesabiwa jembamba, ulikuwa kama mm 15 bamba lilipokuwa baridi, ukawa 17 kwenye nyuzi 200, na kwenye 350 umevuka 22. Joto halina tena mahali pa kukimbilia chini, linakwenda pembeni tu, na fomula ya bamba jembamba ndiyo inayotawala: t8/5 = (4300 − 4.3T0) × 100,000 × Q²/d² × [1/(500 − T0)² − 1/(800 − T0)²]. Hapo d ni unene wa bamba kwa milimita. Jibu ni sekunde 27.6. Chuma cha nguvu kubwa, ambacho watengenezaji wengi hutaka kipoe kati ya sekunde 5 na 20 au 25, kimeshaharibika hapo. Jedwali zuri hukokotoa zote mbili na kuchukua kubwa, kwa sababu mpaka ni pale tu majibu mawili yanapolingana. Ukipewa jedwali lenye fomula moja, ongeza ya pili au lirudishe.

Mahali fomula hizi zisipofaa papo wazi. Daniel Rosenthal, aliyeweka msingi wake miaka ya 1940, alichukulia tao kuwa nukta na sifa za chuma kuwa hazibadiliki na joto. Kwenye nukta yenyewe joto linatoka halina mwisho, jambo lisilowezekana, kwa hiyo usiulize fomula chochote kuhusu dimbwi lenyewe la chuma kilichoyeyuka. John Goldak na wenzake mwaka 1984 walileta chanzo chenye umbo la nusu mbili za yai, kirefu nyuma na kifupi mbele, ndicho kinachotumika kwenye programu za kugawa chuma vipande vidogo. Ni nzuri, zinakula siku nzima za kompyuta kwa pasi 17, na bado zinakuomba vipimo vya themokapo ili uzirekebishe. Karakana ya Kange, hapa Tanga, haizihitaji.

Kinachohitajika ni kuona pasi moja inavyoigusa nyingine. Rudi kwenye ile nukta ya mm 10. Pasi yenye kJ 1.0 ikipita juu yake bamba likiwa nyuzi 30, nukta inafika kama 560: ukanda mgumu ulioachwa na pasi ya awali unalainishwa, jambo jema. Pasi hiyohiyo, ampea zilezile, umbali uleule, lakini bamba likiwa 200, nukta inafika kama 730. Hapo umefika mlangoni mwa nyuzi 727, chuma kinapoanza kubadilika umbo la ndani. Vipande vyake vinabadilika na kupoa upya vikiwa vigumu katikati ya vilivyolainika, na ukanda wa namna hiyo, hasa ukiwa na chembe zilizokuzwa na pasi ya awali, ndio unaoleta matokeo mabaya kwenye jaribio la kugonga. Fundi hakubadili kitu kwenye mashine. Kilichobadilika ni alisubiri dakika ngapi. Kirekodi, hata kile cha kusoma kila sekunde, kinaonyesha jambo hili waziwazi, na ndiyo sababu tunakisifu.

Kuna tahadhari moja ambayo maelezo ya kwenye boksi hayaitaji, nayo ni bamba la majaribio lenyewe. Vipande viwili vya mm 150 kwa 300, unene mm 20, ni kilo 14 za chuma. Pasi moja ya urefu wa mm 300 inaingiza kJ 300, zinazotosha kupandisha kilo zile kwa nyuzi kama 42 joto lisipotoka. Pasi tano mfululizo kutoka 30 zinakufikisha karibu 240. Hewa na meza vitapunguza, lakini mwelekeo ni huo. Kazi halisi, tuseme ganda la tanuri lenye kipenyo cha mita kadhaa, halina ukingo wa karibu wa kuzuia joto. Pasi inayofuata inakuta chuma kimeshapoa. Kwa hiyo bamba la majaribio linapoa polepole, ugumu wake unatoka chini ya HV10 380 (kipimo cha Vickers), mpaka wa kiwango cha ISO 15614-1 kwa vyuma vya kundi la 1 na la 2 visivyopashwa baada ya weldi, watu wanapeana mikono, kisha kazi halisi inapoa mara mbili kwa haraka na kuwa ngumu kuliko karatasi inavyosema. Weka themokapo moja ukingoni kabisa mwa bamba la majaribio. Ikianza kupanda pamoja na ile ya mm 50, bamba lako ni dogo mno. Subiri kati ya pasi hadi lishuke kwenye joto utakaloliona kazini, au tumia bamba pana zaidi.

Washindani wake tuwapitie haraka. Chaki ya joto, inayoyeyuka chuma kikifika joto lililoandikwa juu yake, ni rahisi, haina betri, haidanganywi na mng'aro, na kosa lake ni kama asilimia 1. Chukua mbili: ya kiwango cha chini iyeyuke, ya juu isiyeyuke. Usiipake ndani ya V. Inakujibu ndiyo au hapana tu, lakini kwa kazi ya kila siku jibu hilo linatosha. Bunduki ya kupima kwa mionzi ndiyo tunayoikataa kwa nguvu. Chuma kilichopigwa grenda kinang'aa, na bunduki iliyowekwa 0.95 (emisiviti, kiasi cha mionzi ambacho uso hutoa) husoma chini sana ya joto lenyewe. Yenye uwiano wa umbali na duara wa 12 kwa 1, ukisimama sentimita 60, inasoma duara la sentimita 5, weldi, slagi na bamba kwa pamoja. Ukilazimika kuitumia, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili moto, uisogeze hadi sentimita 12, na tao liwe limezimwa. Ukipasha kwa gesi, pima upande usiopigwa moto. Usipofikika, ondoa moto usubiri dakika 2 kwa kila mm 25 za unene.

Upepo wa kusi ukiingia karakanani hauibadilishi t8/5 kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu joto hilo linakimbilia ndani ya chuma. Unabadilisha muda wa kusubiri kati ya pasi. Unyevu wa pwani ni balaa kwenye vijiti: E7018 iliyolala nje ya ovena inabeba maji, na hidrojeni ikikutana na t8/5 fupi nyufa zinatokea kesho yake. Vikaushwe nyuzi 300 hadi 350 kwa saa 1 hadi 2, kwa kufuata pakiti.

Kabla ya kila jaribio kihakiki kifaa. Barafu iliyopondwa ndani ya maji iwe 0, maji yanayochemka yawe 100, na Tanga, iliyo usawa wa bahari, 100 ni 100 kweli. Aliyeko Lushoto atarajie karibu 95. Waya hasi wa aina K hushikwa na sumaku, chanya haushikwi, na hiyo ndiyo njia ya uhakika, kwani rangi hutofautiana: kwa mpangilio wa Marekani hasi ni nyekundu, kwa wa IEC ni nyeupe. Ukiugeuza kwenye plagi, kioo kinashuka unapopasha. Ukiugeuza mara mbili, mwanzo na mwisho wa kebo ya nyongeza, kioo kinapanda kama kawaida na kosa linajificha humo. Plagi zikikaa kwenye hewa ya chumvi bila kufungwa zinaweza kufanya kutu kwenye miguu, na njia ikaanza kusoma vibaya. Zisugue kwa msasa laini, kisha hifadhi kirekodi na roli la waya ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana.